Meshi Safi kwa Mashine ya Alizeti: Mwongozo wa Kuhamisha Michoro ya CAD

Mkoani Singida, mchoro wa mashine ya kukamulia alizeti hupita mikono mingi kabla ya chuma kukatwa. Msanifu, mara nyingi kijana aliyetoka VETA au chuo cha uhandisi, anauchora kwenye AutoCAD, FreeCAD au SolidWorks. Mwenye mtaji anataka picha inayoeleweka ya kumwonyesha mkopeshaji kabla ya mavuno ya Mei na Juni. Fundi wa karakana anataka kipande kimoja kichapishwe kwa plastiki, akitumie kama kielelezo cha kutengenezea kalibu ya mchanga. Mhandisi naye anataka kujua kama fremu itastahimili mvuto wa mkanda mota ikiwashwa. Mchoro ni ule ule, ila kila mmoja ana programu yake, na nyingi kati ya programu hizo hazisomi mchoro wa CAD. Zinasoma meshi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo msanifu, awe Singida mjini, Kiomboi, Ikungi au Manyoni. Nitakaa zaidi upande wa CAD kuliko upande wa Blender, na nina sababu. Meshi mbovu nyingi huzaliwa pale faili inapotolewa kwenye CAD, halafu mtu anamaliza wiki nzima akiziba matundu ambayo yasingekuwepo kama angerudi nyuma hatua moja tu.

Kinachopotea njiani

Programu ya CAD huhifadhi umbo kwa hesabu. Ukichora shafti ya kipenyo cha milimita 40, ndani ya faili hakuna pembetatu hata moja. Kuna mhimili, nusukipenyo, mwanzo na mwisho. Ikuze utakavyo kwenye skrini, itabaki duara. Meshi ni kitu kingine kabisa: ni mkusanyiko wa pembetatu bapa zilizoungana kwenye kingo, kila moja ikiwa na vipeo vitatu. Hapo duara linakuwa umbo la pande nyingi, na taarifa kwamba tundu hili ni la pini au kwamba bamba lile lina unene wa milimita 6 zinafutika.

Ukishakamua alizeti, mafuta na mashudu havirudi kuwa mbegu, na meshi ni hivyo hivyo. Zipo njia za kugeuza meshi kuwa umbo imara la CAD, hata FreeCAD inaweza, lakini unachopata ni kitu chenye maelfu ya nyuso bapa ambacho huwezi kubadilisha kipenyo chake kwa kuandika namba moja. Kwa hiyo faili ya asili na nakala ya STEP zinatunzwa siku zote, na kila meshi inatoka humo. Mteja akitaka hopa iongezwe sentimita tano, rudi kwenye CAD, badilisha, toa meshi upya. Usivute vipeo kwenye Blender.

STEP ni kiwango cha kimataifa, ISO 10303, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1994, na karibu kila programu ya CAD inakisoma na kukiandika. Ukipokea mchoro kutoka kwa mtu mwingine, omba STEP kabla ya kingine chochote. IGES, ambayo ni ya mwaka 1980, bado inazunguka kwenye flashi za watu na inaleta taabu moja kubwa: mara nyingi hubeba nyuso zilizo huru, ambazo hazijashonwa kuwa umbo moja lililofungwa. Ukitoa meshi kutoka hapo, kila uso hugawanywa peke yake, vipeo vya ukingo wa uso mmoja havikutani na vya jirani yake, na nyufa nyembamba zinajaa kote. Kama IGES ndiyo pekee iliyopo, ifungue kwenye benchi la Part la FreeCAD, shona nyuso zake, zigeuze kuwa umbo imara, kisha endesha ukaguzi wa jiometria. Makosa yakionekana yatengeneze hapo hapo, maana kila hatua inayofuata itayafanya yawe magumu zaidi kurekebisha.

Jambo la kando kuhusu SketchUp, kwa kuwa vijana wengi wa ujenzi huanza nayo: duara lake tangu mwanzo ni pande 24, isipokuwa umebadilisha mwenyewe kabla ya kulichora. Ukishalisukuma duara hilo kuwa bomba, hakuna mpangilio wa kutoa faili utakaoliongezea ulaini. Kwa nyumba inatosha. Kwa parafujo ya kukamulia, chora kwingine.

Punguza kabla ya kugeuza

Fungua mkusanyiko wote wa mashine na uangalie kilichomo. Kuna hopa, fremu, boksi la gia, puli, mota, pipa la kukamulia, parafujo, na bolti za kila ukubwa. Bolti na mota, ambazo wengi huzipakua kutoka katalogi za watengenezaji, ndizo zinazoua kompyuta. Bolti moja iliyochorwa na nyuzi zake halisi inaweza kuwa na pembetatu nyingi kuliko fremu nzima, na mota ya kupakua inaweza kuja na nyaya zake za ndani, ambazo hakuna jicho litakalowahi kuziona.

Badilisha nyuzi za bolti ziwe silinda laini. Toa gololi ndani ya beringi, acha pete mbili tu. Ondoa maandishi yaliyochongwa kwenye mota. Kwa picha, acha mikunjo midogo ya pembeni, hata ile ya nusu milimita, kwa sababu ndiyo inayokamata mwanga na kufanya bamba lionekane kama chuma. Kwa hesabu ya nguvu, mikunjo hiyo hiyo iondoe, isipokuwa ile iliyo pale unapotaka kupima mkazo wenyewe.

Kama kipande kinachapishwa ili kiwe kielelezo cha kalibu, kuna kazi mbili ambazo lazima zifanyike kwenye CAD. Chuma kikimiminwa na kupoa husinyaa: chuma cha kijivu cha kumimina kwa takriban asilimia 1, aluminiamu kwa takriban asilimia 1.3. Kielelezo kinakuzwa kwa kiasi hicho. Hilo ungeweza kulifanya hata kwenye meshi kwa kukuza umbo lote. La pili huwezi: nyuso zitakazokerezwa baadaye, kama pale panapokaa beringi, zinahitaji nyama ya ziada ya milimita mbili au tatu, na nyuso nyingine hazihitaji. Kwenye CAD unachagua uso na kuusukuma. Kwenye meshi uso huo umeshasambaa kuwa mamia ya pembetatu zisizojua kwamba zilikuwa kitu kimoja.

Namba mbili zinazoamua kila kitu

Programu karibu zote hukuuliza namba mbili wakati wa kutoa meshi. Ya kwanza ni upotokaji, yaani pembetatu inaruhusiwa kuachana na uso halisi kwa umbali gani. Ya pili ni pembe, yaani pembetatu mbili jirani kwenye uso wa mviringo zinaruhusiwa kupishana kwa digrii ngapi. Kwenye FreeCAD utazikuta ukiingia benchi la Mesh na kuchagua amri ya kuunda meshi kutoka kwenye umbo. Zinakuja zikiwa milimita 0.1 na digrii 30, na watu wengi hubonyeza kukubali bila kuzisoma.

Tuzipime. Chukua pipa la kukamulia lenye kipenyo cha ndani cha milimita 100. Kwa upotokaji wa 0.1, duara lake linagawanywa pande 50. Punguza hadi 0.01, zinakuwa 158. Ubora umeongezeka mara kumi, lakini pande zimeongezeka kama mara tatu tu, kwa kuwa kwenye silinda idadi hukua kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo kinyumenyume: kipeuo cha pili cha kumi ni 3.16. Hiyo ni bei nafuu. Kwenye uso unaopinda pande mbili kwa pamoja, kama bawa la parafujo linalozunguka shafti, hesabu ni nyingine. Hapo mara kumi ya ubora ni takriban mara kumi ya pembetatu. Na bamba bapa la fremu halijali kabisa: lipe 0.1 au 0.001, idadi yake haibadiliki, maana hakuna mviringo wa kufuata zaidi ya matundu yake.

Ndiyo maana si busara kuipa mashine nzima namba moja. Toa fremu peke yake kwa namba kubwa, parafujo peke yake kwa namba ndogo, kisha ziunganishe kwenye programu ya pili. Zikitoka zote kwenye chanzo kimoja cha vipimo, kila moja itakaa mahali pake bila kusogezwa.

Sasa tazama tundu dogo la pini, kipenyo cha milimita 8. Kwa upotokaji wa 0.1 linapata pande kama 14. Vipeo vyote viko juu ya duara halisi, lakini katikati ya kila upande mstari unakata ndani ya tundu. Pima kutoka upande bapa hadi upande wa pili: ni 7.8. Kipande kikishachapishwa, mzee wa karakana anakushika mkono.

"Mwanangu, pini haipiti hapa."

"Lakini mzee, kwenye kompyuta inapita."

Inapita kwenye CAD, ambako tundu lingali duara. Kwenye meshi kuna nyama ya milimita 0.2 ambayo hukuichora. Kwa upotokaji wa 0.01 tundu hilo linapata pande 45 na upana wake unakuwa 7.98. Plastiki nayo ina tabia yake ya kubana matundu kidogo, kwa hiyo bado utaacha nafasi, lakini angalau kosa la meshi litakuwa limetoka mezani. Kumbuka pia kwamba shafti hukosea kinyume cha tundu: meshi huifanya nyembamba. Shafti nyembamba ndani ya tundu lililobana inaweza kuingia vizuri kwa bahati, na bahati hiyo itakuponyoka siku utakapochapisha kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Kwa picha, shikilia zaidi namba ya pembe. Macho hayaoni kosa la sehemu ya kumi ya milimita kwenye mashine yenye urefu wa mita moja na nusu, lakini yanaona mara moja mwanga unapovunjika vipande vipande juu ya puli. Digrii 10 hadi 15 hutosha, hata upotokaji ukibaki 0.1. Kwa kuchapisha, shikilia upotokaji: kati ya 0.02 na 0.05. Printa ya kawaida yenye pua ya milimita 0.4 haitaonyesha tofauti ukishuka zaidi, isipokuwa kwenye matundu madogo kama lile la pini.

Wanaotumia AutoCAD wana njia yao. Kabla ya kutoa faili kwa amri ya STLOUT, andika FACETRES. Namba hiyo huenda kutoka 0.01 hadi 10, na programu huja ikiwa imewekwa 0.5, ambayo ni ndogo mno kwa silinda. Weka 5 au 10, toa tena, ulinganishe. Hapa namba kubwa ndiyo laini zaidi, kinyume na FreeCAD, na kuchanganya hizo mbili ni rahisi kwa anayefanya kazi kwenye zote.

Faili ya kubebea

STL ilitokana na printa za kwanza za kampuni ya 3D Systems ya Marekani, miaka ya 1980, na bado inatawala. Haina rangi, haina majina ya sehemu, haina kipimo. Kila pembetatu huandikwa peke yake na vipeo vyake vitatu, hata kama jirani yake anavitumia vilevile. Katika STL ya aina ya binari, kila pembetatu huchukua baiti 50 kamili, kwa hiyo pembetatu 200,000 ni takriban megabaiti 10. Programu ikikupa chaguo la kuandika kwa maandishi ya kawaida, likatae. Faili itavimba mara kadhaa bila faida yoyote, nawe ndiye utakayelipia bando.

Kwa kuchapisha ningechagua 3MF, iliyotoka mwaka 2015, kwa sababu inabeba kipimo ndani yake na hubanwa yenyewe. Programu za siku hizi za kukata tabaka, yaani zile zinazoigawa meshi kuwa tabaka za printa, zinaisoma. Kwa picha, chagua glTF. Matoleo ya karibuni ya FreeCAD huitoa moja kwa moja pamoja na rangi, na mashine inafika Blender ikiwa bado imegawanyika katika sehemu zake. Ukitumia STL kwa picha utaanza kuchagua puli kwa mkono ili uipake rangi, pembetatu moja baada ya nyingine. OBJ iko katikati, ni ya zamani na inaeleweka na kila programu, na ni kimbilio zuri pale upande wa pili unapokuwa na programu ya zamani.

Milimita zilizogeuka mita

FreeCAD hufikiri kwa milimita, Blender hufikiri kwa mita. STL inabeba namba tupu. Basi parafujo ya milimita 100 ikifika Blender inasomwa kuwa mita 100, kamera inakuwa ndani ya chuma, na unaona skrini ya kijivu. Wakati wa kuleta STL weka kizidishi 0.001. Wakati wa kuitoa kwenda kwa printa weka 1000, kwa sababu programu za kukata tabaka huchukulia namba za STL kuwa milimita. Usipofanya hivyo, kipande kitatokea kama punje ya mchanga kwenye meza ya printa. Ukikuta kitu kimekosea kwa mara 25.4, mchoraji alifanya kazi kwa inchi.

Mhimili nao huzunguka. FreeCAD na Blender huweka juu kwenye Z, glTF huweka juu kwenye Y. Blender inaugeuza yenyewe inapoleta glTF, lakini kwa OBJ chaguo liko kwenye dirisha la kuleta faili, na hopa iliyolala ubavu ni dalili kwamba umelichagua vibaya. Mara faili ikishafika, pima kitu kimoja unachokijua, kwa mfano kipenyo cha puli, kabla hujagusa kingine chochote. Kisha bonyeza Ctrl na A uthibitishe ukubwa, ili kizidishi kisije kikaharibu hatua zinazofuata.

Ndani ya Blender

Blender ni ya bure tangu ilipowekwa wazi mwaka 2002, na kwa msanifu wa Singida asiye na fedha za leseni hiyo si habari ndogo. Ukiwa katika hali ya kuhariri, chagua vyote kwa A, bonyeza M na uunganishe vipeo vilivyo mahali pamoja. Umbali wa kuunganisha uwe mdogo sana, chini ya sehemu ya mia ya milimita. Ukiukuza, utaunganisha pande mbili za bamba jembamba na kulifanya karatasi. Kisha Shift na N, ili nyuso zote zitazame nje.

Halafu inakuja kasoro inayowatisha wengi. Bamba la hopa ambalo ni bapa kabisa, lenye matundu manne ya bolti, linaonekana na michirizi myeusi inayotoka kwenye kila tundu kama nyufa. Meshi haina kosa. CAD imegawa uso huo kwa pembetatu ndefu nyembamba kutoka ukingo wa bamba hadi kwenye tundu, na umeiambia Blender ilainishe kivuli kila mahali, hivyo mwelekeo wa mwanga unachanganywa kati ya uso bapa na ukuta wa tundu. Dawa ni kuiambia ilainishe pale tu nyuso zinapopishana kwa chini ya digrii 30. Tangu toleo la 4.1 la mwaka 2024 jambo hilo hufanywa na kirekebishi kinachoitwa Smooth by Angle. Kabla ya hapo lilikuwa tiki kwenye mipangilio ya meshi. Kama michirizi bado ipo, ongeza kirekebishi cha Weighted Normal, kinachozipa nyuso kubwa sauti zaidi katika kuamua mwelekeo. Mara nyingi hivyo viwili vinamaliza kazi.

Usikimbilie kuifanya meshi yote iwe ya pembenne. Walimu wa mitandaoni wanasisitiza pembenne kwa sababu wanachora nyuso za watu, zinazocheka na kukunja shingo. Fremu ya chuma haikunji shingo. Pembetatu ndefu kwenye uso bapa hazidhuru picha ya kitu kisichopinda. Na zile amri za kuunda meshi upya kwa vijiboksi zikae mbali na mashine: hulainisha kila pembe kali, na parafujo yako itatoka kama sabuni iliyotumika. Ukitaka kupunguza wingi wa pembetatu ili picha ifunguke kwenye simu ya mteja, rudi CAD uongeze upotokaji. Ikishindikana kabisa, MeshLab, iliyotengenezwa Pisa, Italia, ina kipunguzaji kinachotumia mbinu ya Garland na Heckbert ya mwaka 1997, na kinajitahidi kutunza pembe.

Kuna kitu kimoja tu mkoani ambacho ningekubali kianze maisha yake kama meshi, nacho ni yale mawe makubwa yanayozunguka ziwa Singidani. Ukitaka picha ya kiwanda chako kikiwa katikati ya mawe ya kwao, zunguka jiwe na simu, piga picha nyingi zinazoingiliana, uiachie programu ya upimaji wa picha. Jiwe halina nusukipenyo cha kupoteza.

Kabla ya kuchapisha

Kipande cha kuchapisha lazima kiwe kimefungwa: kila ukingo uguswe na pembetatu mbili, si moja wala tatu. Katika Blender kuna amri ya kuchagua kingo zisizotimiza sharti hilo, Non Manifold, ndani ya menyu ya kuchagua. Isipochagua chochote, endelea. Ikichagua nyingi, angalia zimejipanga vipi. Zikifuata mpaka wa uso mzima, umbo halikushonwa CAD, rudi huko. Zikiwa tatu nne mahali pamoja, zijaze kwa F na usipoteze muda.

Kosa lingine halionekani kwa ukaguzi huo. Maumbo mawili yaliyochomekana bila kuunganishwa, tuseme puli na shafti yake, kila moja limefungwa vizuri na yote mawili yanapita mtihani. Lakini ukuta wa puli unapita ndani ya shafti, na programu ya kukata tabaka inaweza kuacha uwazi hapo. Ziunganishe kuwa moja kwenye CAD, ambako amri ya kujumlisha maumbo hufanya kazi kwa hesabu halisi. Amri kama hiyo ipo Blender pia, ila inakata pembetatu kwa pembetatu na hupenda kuacha vipande vyembamba visivyo na maana.

Faili ya mhandisi

Kwa hesabu ya nguvu, usimpelekee mhandisi meshi yoyote. Mpe STEP. Pembetatu za STL ni ngozi ya nje tu, na urefu na wembamba wake, ambao haukudhuru picha, unaharibu hesabu. Gmsh, programu ya bure iliyoanzishwa na Christophe Geuzaine na Jean-François Remacle, husoma STEP na kujaza umbo kwa vipande vya nyuso nne vilivyo na uwiano mzuri, na FreeCAD inaitumia ndani ya benchi lake la hesabu pamoja na CalculiX. Angalizo langu ni moja: chagua vipande vya daraja la pili. Vile vya daraja la kwanza, kwenye bamba jembamba linalopinda, huifanya fremu ionekane ngumu kuliko ilivyo, na mkunjo unaousoma unakuwa mdogo kuliko ule utakaouona karakana.

Kukabidhi kazi

Usitume faili moja yenye jina la mwisho_mwisho2. Tuma folda yenye STEP, meshi ya kuchapisha, meshi ya picha, na karatasi fupi inayosema kipimo ni milimita, upotokaji ni kiasi gani, juu ni mhimili upi, na kama kusinyaa kwa chuma kumeshaongezwa au bado. Hili la mwisho ndilo ghali: kielelezo kilichoongezewa asilimia moja mara mbili, mara moja na wewe na mara ya pili na mwenye kalibu, hutoa chuma kisichofaa hata kukerezwa. Kama printa iko Arusha au Dar es Salaam, taja pia kipenyo cha tundu moja muhimu na umwombe mchapishaji alipime kwa kalipa kabla ya kufunga mzigo kwenye basi.

Na kwenye makubaliano yako na mteja, andika kwamba atapewa STEP pamoja na meshi. Parafujo huisha. Msimu wa tatu atatafuta fundi wa kuikereza nyingine, pengine wewe umeshahamia mkoa mwingine, na faili hiyo ndiyo pekee fundi huyo ataweza kuitumia.